Kumsaka babu mhunzi kwenye madaftari ya kanisa

Nimepotea kidogo, mnisamehe. Wiki mbili hizi ni seminari juu ya seminari, bumu limekata zamani, na mwenzangu wa chumbani kakomba unga wa mwisho. Ila leo lazima niandike, maana kuna ubishi ulioanzia darasani ukahamia kantini, na mpaka sasa haujaisha.

Mada ilikuwa vyanzo vya historia. Kundi letu lilipewa kumbukumbu za maandishi, na mfano ukawa Uingereza: kwamba Mwingereza wa leo anaweza kumfuatilia babu yake mhunzi wa kijijini, mtu ambaye huenda hata kusoma hakujua, mpaka miaka ya 1600. Jamaa mmoja akadakia, "Mnaona? Wenzetu waliandika, sisi tulilala." Mimi kwa mama ni Mpare wa ukoo wa Washana, wahunzi. Jamani, iliniuma. Nikaenda maktaba kuona hao wenzetu walimwandika nani, na kwa sababu gani. Haya, sogezeni viti.

Kwanza, madaftari yenyewe. Septemba 1538 Thomas Cromwell, mtu wa mkono wa kulia wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Padri aandike kila Jumapili mbele ya wazee wa kanisa, na daftari likae kwenye sanduku lenye kufuli mbili, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Akizembea, faini. Watu hawakushangilia. Wengi waliogopa kwamba ni njia ya kuwaletea kodi mpya, na hawakuwa wajinga: miaka 245 baadaye, mwaka 1783, serikali iliweka kweli ushuru wa peni tatu kwa kila jina linaloandikwa. Ukafutwa 1794.

Sasa sikilizeni utamu wake. Huyo Cromwell mwenyewe ni mtoto wa mtu wa Putney, karibu na London, aitwaye Walter, anayetajwa kwamba alikuwa mhunzi na mpika pombe. Kwenye maandishi ya zamani Walter anaitwa pia Smith, yaani mhunzi. Je, Cromwell alizaliwa lini? Wanahistoria wanakisia karibu na 1485, kwa sababu madaftari yalikuwa hayajaanza. Baba yake tunamjua kwa njia nyingine kabisa, mahakama ya bwana mwenye ardhi. Alitozwa faini za pombe mara kwa mara, na mwaka 1514 alinyang'anywa ardhi kwa kosa la kufuta kwa hila kumbukumbu za huyo bwana. Yaani baba anafuta maandishi, mtoto anaamuru nchi nzima iandike! Mzee mzima tunamjua kwa faini zake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Hakuna aliyekaa chini akasema, "Ngoja nimwandike huyu mhunzi, wajukuu wake watamtafuta." Aliandikwa kwa sababu kuna mtu alikuwa na shida yake: kanisa lilitaka kujua nani kabatizwa, bwana alitaka faini, ndugu walitaka urithi. Ukitaka kumpata, jiulize kwanza nani alimhitaji.

Tuseme unamsaka. Unaanza na wa karibu na kurudi nyuma. Kuanzia Julai 1837 kuna vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo. Kabla ya hapo unashika madaftari ya parokia. Kuanzia 1813 kwenye ubatizo kuna fomu zilizochapwa zenye nafasi ya kazi ya baba, kwa hiyo neno mhunzi unalikuta waziwazi. Nyuma zaidi ni bahati ya padri wako. Mmoja anaandika kazi, mwingine anaandika jina tu, tena kwa Kilatini: neno "faber" peke yake laweza kuwa mhunzi au hata seremala. Na usidanganyike na jina Smith. Ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Uingereza, na Smith wako anaweza kuwa mfinyanzi.

Halafu kuna mtego wa kalenda, huu ulinichekesha. Mpaka 1752 mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo unaweza kukuta mhunzi kafunga ndoa Aprili 1701, na mtoto kabatizwa Februari 1701. Unasema ee, mtoto kabla ya harusi! Hapana. Februari hiyo inakuja baada ya Aprili, kwa hesabu yetu ni 1702. Miezi kumi, heshima ya familia imetunzwa.

Lakini daftari la kanisa linakupa jina na tarehe basi. Mtu mwenyewe unakutana naye kwenye karatasi za mirathi. Mpaka mwanzoni mwa 1858 wosia ulithibitishwa na mahakama za kanisa. Mwenye mali kidogo alikwenda ya wilaya au ya askofu wake, na mwenye mali ya kutawanyika alifika mpaka mahakama ya Askofu Mkuu, Canterbury au York. Wosia za ile ya Canterbury, zaidi ya milioni moja, ziko hifadhi ya taifa ya Kew, London.

Pamoja na wosia, hasa kabla ya katikati ya miaka ya 1700, huwa kuna orodha ya mali. Majirani walipita chumba kwa chumba wakikadiria bei: nguo zake na pesa za mfukoni, kitanda, sufuria, halafu karakana. Fuawe, mivukuto, koleo, nyundo, vyuma vilivyobaki. Kisha madeni, yakiwemo ambayo wameshayakatia tamaa. Nilipofika hapo nilinyamaza. Unaona watu ambao farasi wao walipigiliwa viatu vya chuma kwa mkopo, na mhunzi kafa anadai.

Na wasioandikwa je? Mke wa mhunzi kwa kawaida hakuweza kuacha wosia bila ruhusa ya mume, mpaka sheria ya 1882. Anaonekana tu akiwa mjane. Watoto wa Wabaptisti huwakuti kwenye ubatizo wa parokia, kwa kuwa wao hawabatizi wachanga. Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1642, madaftari mengi yana mapengo. Na kama babu yako ni wa Devon, pole: wosia za huko zilikuwa Exeter, na Mei 1942 mabomu ya Wajerumani yaliziteketeza. Waliandika, wakatunza karne kadhaa, moto ukala usiku mmoja.

Kwa hiyo nilimjibu yule jamaa kantini hivi: hawakuandika kwa sababu wana akili kuliko sisi. Waliandikwa, tena wengi wao bila kupenda, na nusu ya familia ikaachwa nje. Akanijibu, "Sawa, lakini wa kwenu wako wapi?" Hapo nikakosa neno, chai ikapoa.

Maana wa kwetu wako kwa mjomba wa mama, mzee wa themanini na kitu, anayejua nani alimfundisha nani kufua chuma. Mwaka jana nilikaa naye likizo nzima sikumuuliza hata jina moja. Nilikuwa na simu mkononi.

Nikipata nauli naenda. Daftari nimeshanunua, la kurasa 200. Nitaanza kama majirani wale, na vilivyopo: nyundo iko kwa nani, fuawe ilikwenda wapi, nani alikuwa anadaiwa. Na nitamuuliza majina ya wanawake kwanza.

Wewe una mzee gani hujamuuliza? Tuko pamoja wadau, tukutane baada ya mitihani, kama sijadisko.