Mpira wa Nyuzi

Sisi wa Masisi na Walikale twaujua mpira wa watoto wetu. Mtoto huokota majani makavu ya mgomba, huyakunja yawe duara, huyazungushia kamba tena na tena mpaka yashikamane. Hakuna shule ya kazi hiyo. Amefundishwa na kaka yake. Nasi twauita mpira, ingawa hamna ndani yake hata tone moja la utomvu wa mpira.

Wajapani nao walikuwa na mpira wa kuzungushia. Huitwa temari, maana yake mpira wa mkono. Zamani wanawake wa nyumba za wakuu waliupamba kwa nyuzi za hariri. Baadaye, katika zama za Edo (1603–1868), pamba ikaenea, na mama wa kawaida naye akapata uzi. Akachukua matambara au makapi ya mpunga, akayazungushia uzi mpaka yakawa magumu, kisha akatarizi juu yake maua na nyota. Hivyo mtoto wake akapata mchezo.

Kazi hiyo haitaki haraka. Mwanafunzi huzungusha uzi huku akiugeuza mpira kila mara, usije ukawa kama yai. Kisha huupima kwa ukanda mwembamba wa karatasi, huchoma pini juu, chini na kiunoni, kama ncha mbili za dunia na ikweta yake, naye hugawa sehemu 8, au 10, au 16. Pini moja ikikosea mahali pake, ua lote hupinda. Basi hufumua na kuanza upya.

Katika zama za Meiji (1868–1912) ikaja mipira ya utomvu. Iliruka vizuri zaidi, watoto wakaipenda, na ile ya nyuzi ikaachwa. Miaka hiyo dunia nzima ilitamani mpira. Hapa Kongo, chini ya utawala wa mfalme Leopold II (1885–1908), watu wengi walilazimishwa kuugema msituni, na wengi walikufa. Hatusemi kwamba utomvu wetu ndio uliofika Japani. Twasema tu kwamba tamaa ile ile iliyotesa mikono ya huku iliondoa kazi katika mikono ya huko.

Temari ilikuwa karibu kufa. Iliokolewa na wazee waliokumbuka, na vijana waliokubali kuketi karibu nao. Mkoa wa Kagawa, ambako mipira hutengenezwa kwa uzi wa pamba uliotiwa rangi za mimea, uliitambua rasmi mwaka 1987 kuwa kazi ya jadi. Leo hutolewa kama zawadi na pambo la nyumba.

Sisi tujifunze nini? Januari 2025 vita viliingia Masisi-Centre, na Machi vikafika Walikale-Centre. Aliyekimbia aliacha kikapu na mkeka wake. Ujuzi wa kuvisuka alikwenda nao, kwa maana mikono haiachwi nyumbani. Lakini mwenye ujuzi akifa bila mwanafunzi, huzikwa na kazi yake, hata pasipo vita. Basi, enyi akina mama, mketisheni binti karibu na nyanya yake leo. Asisikilize hadithi tu. Ashike na kamba.