UZI: Nani humchagulia mtoto wa Muthetheni kazi?

1/ Kila msimu wa siasa utasikia: "Vijana wanasomea kozi zisizo na kazi." Mwingine anajibu: "Warudi kwa kazi za mikono." Mimi ni mtu wa Muthetheni, Machakos, na nawaambia huu mjadala una miaka mia moja. Twende polepole.

2/ 1924: Tume ya Phelps-Stokes inazuru Kenya. Inashauri Mwafrika afundishwe yanayofaa maisha ya kijijini: kilimo, afya, ufundi. Si ushauri mbaya. Lakini wazazi waliona jambo moja: watoto wa walowezi hawakuambiwa hivyo. Kazi ya kalamu ndiyo ilikuwa na mshahara wa maana. Wakadai vitabu, na walikuwa na sababu.

3/ Hapa jirani, Wamunyu, kuna hadithi nyingine. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Akarudi nao nyumbani, wengine wakafuata, na mpaka leo Wamunyu inajulikana kwa vinyago. Hakuna tume iliyopanga hilo. Mtu aliiona kazi ikifanywa, akaijaribu.

4/ Uhuru ukaja. Kufikia Tume ya Ominde ya 1964, nchi ilihitaji haraka watu wa kushika nafasi za wageni. Ukipita mtihani, ofisi inakungoja. Nani angehangaika kuuliza kazi gani inamfaa? Lakini nafasi zikajaa, na shule zikaendelea kutoa wahitimu.

5/ 1985: 8-4-4 inaanza, kufuatia Tume ya Mackay ya 1981. Useremala, kilimo na sayansi kimu vinaingia darasani. Karakana? Wazazi wachange. Sisi Wakamba tunajua mwethya, kwa hivyo watu walijitolea. Lakini penye pesa karakana ilisimama. Pasipo na pesa, ufundi ulisomwa ubaoni.

6/ Na ushauri wa kazi? Ripoti ya kitaifa ya 1976 ilishapendekeza ushauri nasaha shuleni. Kwa vitendo, shule nyingi zilimwachia mwalimu mmoja ambaye ratiba yake imejaa tayari. Enzi za JAB, mwanafunzi alijaza kozi za chuo kikuu hata kabla ya kufanya mtihani. Unachaguaje uhandisi kama hujawahi kumwona mhandisi?

7/ Sasa CBC. Mwaka 2025 Gredi ya 9 ya kwanza ilichagua kati ya mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Hawa ni watoto wa miaka 14, 15. Kama shule anayoweza kufika haina maabara, mtoto amechagua ama amechaguliwa?

8/ Kwa hivyo mgombea akisimama sokoni kuwalaumu vijana, msimpigie makofi upesi. Muulizeni: Mwalimu wa ushauri amepewa saa ngapi kwa wiki? Maabara iko na vifaa? Watoto watapelekwa lini kuona kazi zenyewe, kwa zahanati, kwa gereji, kwa ofisi za kaunti, kwa wachongaji wa Wamunyu? Akikosa jibu, ana mpango gani basi kwa huyo mtoto?