BIOS YA PLAYSTATION: NI KITU GANI NA INAKAA WAPI?

Wadau wa Mwanjelwa na Miomboni, hii ni kwa wale wanaomaliza muda waliolipia kafe huku gemu inagoma kufunguka.

BIOS ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ndani ya PlayStation. Ndiyo inaiamsha mashine kabla diski haijasomwa. Emuleta nyingi haziendi bila nakala yake.

Kwa PlayStation ya kwanza faili lina KB 512 kamili. Kwenye RetroArch linakaa folda ya "system", jina kwa herufi ndogo: scph5500.bin (Japani), scph5501.bin (Marekani), scph5502.bin (Ulaya). Likiishia na .exe achana nalo, hiyo siyo BIOS! Utajaza virusi kwenye kompyuta za watu.

Na sheria je? Mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani iliipa ushindi kampuni ya Connectix iliyotengeneza emuleta, dhidi ya Sony. Lakini BIOS yenyewe bado ni mali ya Sony, kwa hiyo inakiliwe kutoka mashine yako mwenyewe. Huna mashine? Jaribu PCSX ReARMed, ina BIOS yake ya kuigiza, ingawa gemu zingine zitasumbua.

Nawasilisha.