Uhai Ulioonekana kwa Mwendo: Altrasaundi na Minyoo ya Matende Kimang'a, Pangani

Historia ya kukitazama kilicho hai mwilini bila kupasua, katika mwambao wa Tanga, hupitia kijiji cha Kimang'a. Huko wanaume 72 wenye minyoo ya matende waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, wengine vidonge visivyo na dawa. Dawa hiyo haikumlenga mnyoo mwenyewe, bali bakteria wa Wolbachia wanaoishi ndani yake na kumtegemeza.

Kwa muda mrefu ushahidi ulikuwa damu iliyotolewa usiku, wakati mabuu huzunguka. Lakini damu huhesabu watoto tu. Wazazi hubaki wamejificha katika mishipa ya limfu. Altrasaundi iliwafichua kwa mtikisiko wao usiokoma, ambao watafiti nchini Brazili waliuita ngoma ya filaria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, baada ya miezi 14, ngoma hiyo ilionekana kwa 6 tu kati ya 27 waliotumia dawa, dhidi ya 24 kati ya 27 wasioitumia.

Ubora huo watafiti wa seli zilizopandikizwa wangali wanautafuta. Seli iliyotiwa chembe za chuma huonekana katika picha za sumaku. Ikifa, chuma chaweza kubaki, na picha ikaendelea kushuhudia uhai usiokuwapo. Kimang'a, kilichopimwa kilikuwa mwendo wenyewe. Hata hivyo, viota hivyo huonekana kwa urahisi zaidi kwenye korodani, hivyo wanawake wa Pangani hawamo katika ushahidi huu.