Bunduki Iliyokataa na Uganga wa Kuunga

Leo tuweke kando habari za simu na kompyuta, tukae mezani tucheze. Msiwe na wasiwasi, kabla ya kumaliza tutarudi kwenye programu.

Nilipokuwa chuoni tulikuwa marafiki watano tuliokutana kila Ijumaa usiku katika chumba kimoja cha bweni kucheza Pathfinder. Kwa wasioujua, huu ni mchezo ambao kila mmoja anaigiza mhusika wake, mmoja anakuwa msimulizi na mwamuzi, na dadu ya pande 20 huamua kama jambo limefaulu au limeshindikana. Hakuna skrini. Kuna kalamu, karatasi, kitabu cha kanuni na kelele nyingi. Msimulizi nilikuwa mimi.

Rafiki yetu mmoja alicheza mpiga bastola. Siku moja bastola ikamkataa katikati ya vita. Vita vilipotulia akamgeukia kuhani wa kundi: "Kasisi, hebu niungie hii kwa Mending." Muda ulikuwepo, maana walinzi wa adui walikuwa bado mbali. Mimi nikakataa. Nikamwambia hakuna kilichovunjika, basi hakuna cha kuunga. Walinzi walipofika akafyatua hivyo hivyo. Dadu ikatoka 3, bastola ikamlipukia mkononi, na mhusika wake, ambaye alikuwa amebakiwa na uhai kidogo tu, akafa. Rafiki yangu akafunga daftari lake. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Juzi nimerudi vitabuni kutafuta nani kati yetu alikuwa na haki. Nimegundua kwamba ugomvi wetu ulianza zamani, kabla hatujazaliwa.

Tuanze na uganga wenyewe. Mchezo wa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974 huko Marekani. Mwaka 1978 Gygax alitoa kitabu cha wachezaji cha toleo la Advanced, na humo Mending ni uganga wa ngazi ya 1. Ni uganga wa kazi ndogo ndogo za nyumbani: kuunga pete, pingu ya mnyororo au kisu chembamba kilichokatika mahali pamoja, au kuziba kiriba cha divai kinachovuja. Bunduki haikutajwa. Katika ulimwengu ule wa panga na mazimwi, nani alikuwa nayo?

Bunduki ilikuja baadaye kidogo. Toleo la pili, la mwaka 1989, lilikuwa na gobore ya kale iitwayo arquebus, tena kwa ruhusa ya msimulizi tu. Kanuni yake ilikuwa kali: dadu ikitoka 1 au 2, gobore humrudi mwenyewe na kumjeruhi, kisha huchafuka, na haitumiki tena mpaka isafishwe kwa nusu saa hivi.

Angalieni neno hilo: huchafuka. Aliyeandika aliijua baruti ya zamani. Baruti ile ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi. Hubaki kama masizi na chumvi, na vingi vya hivyo hugandamana ndani ya mtutu. Gobore ya namna hiyo ni nzima kabisa, ila imeziba. Mending ya wakati ule iliunga palipokatika, haikuosha kitu. Kwa hiyo mwaka 1989 swali la rafiki yangu lilikuwa na jibu rahisi: hapana, chukua kitambaa na maji.

Sasa tuje Pathfinder, iliyotoka mwaka 2009. Kanuni za bunduki zimo katika kitabu cha Ultimate Combat cha mwaka 2011, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Bastola ya kale hukataa dadu ikitoka 1, yaani mara 5 kati ya 100. Ikishakataa, kitabu hakisemi imechafuka wala imekwama. Kinasema imevunjika, neno lile lile linalotumika kwa upanga uliopigwa mpaka ukapasuka. Tangu hapo itakataa kuanzia 1 hadi 5, mara 25 kati ya 100, na ikikataa tena italipuka. Ile 3 ya rafiki yangu ilitoka humo.

Upande wa pili, Mending ya Pathfinder huchukua dakika 10, na hukiondolea kitu hali ya kuvunjika kikisharudishiwa angalau nusu ya uimara wake. Lakini bastola iliyokataa haijapoteza uimara wowote! Basi imeshapita nusu tangu mwanzo. Uzito nao una masharti, pauni 1 kwa kila ngazi ya mganga. Bastola ni pauni 4, na kuhani wetu alikuwa ngazi ya 5. Tena kitabu hicho hicho kinakubali uganga mkubwa zaidi, Make Whole, uitengeneze bunduki ya kichawi iliyokwisha kulipuka. Kwa maneno ya kitabu, rafiki yangu alikuwa na hoja nzuri kuliko yangu. Mimi nilikuwa nikiifikiria bunduki, yeye alikuwa amesoma kanuni.

Sisemi waandishi walikuwa wazembe. Katika ulimwengu wa Pathfinder bunduki zilitokea Alkenstar, mji ulio katika nyika ambayo vita vya wachawi viliiharibu hata uganga haufanyi kazi sawasawa. Huko bunduki ni kazi ya fundi. Ndiyo maana mpiga bastola hupewa ujuzi wake mwenyewe wa kuifungua bastola iliyomkataa. Mending ikifanya kazi hiyo bure, fundi ana thamani gani? Hofu yangu usiku ule ilikuwa hiyo, ila sikuisema.

Dawa ya ugomvi huu naiona kwa Matthew Mercer, aliyekuwa msimulizi wa kipindi cha Critical Role kilipoanza mwaka 2015. Katika kanuni zake za mpiga bunduki alitenganisha hali mbili. Bunduki iliyokataa hujaribiwa kufunguliwa papo hapo vitani, kwa dadu inayofika 8 pamoja na namba ya ukataaji wake. Jaribio likishindwa, hapo ndipo inavunjika, na itatengenezwa nje ya vita kwa robo ya bei yake.

Nilipoisoma nilikumbuka kazi yangu ya kwanza. Mteja mmoja alikuwa akikodisha jenereta, na katika hifadhidata nilimwekea safu moja: mbovu, ndiyo au la. Siku moja fundi alisafiri usiku kucha na vipuri vizito, kumbe kichujio cha hewa kilikuwa kimeziba vumbi. Mashine haikuwa na kosa, na fundi hakuwa na kosa. Safu yangu ndiyo iliyokuwa na neno moja kwa mambo mawili.

Na sisi Waswahili hatuna udhuru. Tunasema imekataa, imekwama, imeziba, imechafuka, imeharibika, imevunjika, na kila fundi wa mtaani anajua lipi linahitaji kitambaa na lipi linahitaji pesa.

Nilimpigia rafiki yangu simu, nikamwambia alikuwa na haki. Akacheka sana. "Kumbe umechukua miaka yote hii kusoma ukurasa mmoja?" Kisha akauliza kama ile bastola bado ninayo kwenye karatasi zangu. Ninayo. Ijumaa ijayo anakuja, na safari hii kitabu atakishika yeye.

Tuonane wakati mwingine.