Bustani ya Saad

Babangu alizikwa baada ya alasiri. Basi langu kutoka Nairobi liliingia Mombasa magharibi, kaburi lishafukiwa na watu washarudi nyumbani. Kwetu maiti hasubiri mtu, hata kama ni kifungua mimba wake.

Ndiyo maana kisa cha Saad bin Ubada kilinishika. Saad alikuwa kiongozi wa Khazraj huko Madina, na mamake alifariki yeye akiwa safarini. Aliporudi alimwendea Mtume na swali moja: nikimtolea sadaka itamfaa? Akajibiwa ndiyo. Papo hapo akaitoa bustani yake iliyoitwa Mikhraf. Riwaya nyingine inataja kisima, kwa kuwa aliambiwa sadaka bora ni maji. Kwa hivyo jambo hili, tangu karne ya 7, lina mtu aliyechelewa ndani yake.

Kuna pia mwanamke wa kabila la Juhayna. Mamake aliweka nadhiri ya kuhiji, akafa kabla hajaenda. Mtume alimuuliza: mamako angekuwa anadaiwa, si ungemlipia? Basi deni la Mungu ndilo lenye haki zaidi. Akaambiwa ahiji kwa niaba yake.

Sadaka, dua na kulipa deni hazina mabishano. Kisomo ndicho kina kelele. Kauli mashuhuri ya Imamu Shafi, aliyefariki Misri mwaka 820, ni kwamba thawabu za kusoma Qur'ani hazimfikii maiti, ingawa wengi waliomfuata baadaye walilegeza. Sasa tazama pwani yetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu ni Mashafi, na leo bado ni Mashafi, na khitma tunasoma mpaka sauti zikauke. (Biriani nayo ina wafuasi wake, tusidanganyane.)

Kwetu mabishano hayo yalianza siku ya pili tu ya matanga. Ami alitaka khitma kubwa, ndugu yangu mdogo akasema ni bid'a, sauti zikapanda. Mama hakusema kitu. Aliinuka, akaleta daftari la marehemu. Ndani yake, kwa kalamu nyekundu: shilingi 38,000, zilizokopwa kwa fundi mwenzake. Karo yangu ya mwaka wa pili. Chuo chenyewe niliacha mwaka huo huo.

"Ami, khitma someni," nikasema, "lakini hili niachieni mimi."

"Deni la maiti hulipwa kwa alichoacha, mwanangu, kabla ya mirathi," akasema.

Tukaitazama cherehani pale pembeni, ndiyo aliyoacha. Mama bado anaishonea watu na ndiyo inayomlisha. Hakuna aliyetaja kuiuza.

Yule fundi alitaka kusamehe, nikamwomba asisamehe bado. Zimebaki 11,000. Malipo ya makala hii yanaenda huko.