Nyumba Katika Njia ya Maji: Historia ya Kinga na Historia ya Bima

 

Kila zinapopita mvua kubwa, kama zile za Dar es Salaam za Desemba 2011 au za Kenya za Aprili na Mei 2024, maimamu huulizwa: je, Muislamu mwenye nyumba bondeni aikatie bima ya mafuriko? Wengi hujibu kwa neno moja, haramu, na muulizaji huondoka bila kujua aifanyeje nyumba yake. Sisi tunaona kwamba swali hili limechanganya historia mbili, ya nyumba na ya mkataba. Tuanze na ya nyumba, kwani ndiyo kongwe.

Makka yenyewe imo bondeni. Al-Azraqi, mwanahistoria wa mji huo wa karne ya 3 Hijria, ameyaeleza mafuriko yake ya zama za Ujahiliya na za Uislamu. Katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (r.a.) yalitokea mafuriko yaliyoitwa Umm Nahshal, kwa jina la mwanamke aliyesombwa na maji akafa. Jiwe la Maqam Ibrahim liling'olewa likapelekwa sehemu ya chini ya mji. Umar akatoka Madina, akalirudisha mahali pake, kisha akajenga radm, yaani boma la kuzuia maji, upande wa juu wa Makka.

Mwaka 80 Hijria (700 Miladia), siku ya Tarwiya, mafuriko ya al-Juhaf yaliwasomba mahujaji pamoja na mizigo yao. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipopata habari alituma mali nyingi, akaamuru zijengwe kuta za kukinga nyumba zilizopakana na bonde, na maboma kwenye midomo ya vichochoro. Al-Baladhuri naye ameitaja kazi hiyo katika Futuh al-Buldan. (Siku hiyohiyo ya Tarwiya, 8 Mfunguo Tatu 1430, sawa na 25 Novemba 2009, mafuriko ya Jeddah yaliua watu zaidi ya 100.) Katika habari hizi kujikinga na maji hakukuhesabiwa kuwa ni upungufu wa tawakkul, wala gharama ya kinga hakuachiwa mwenye nyumba peke yake.

Mkataba wa bima ulikuja kwa njia nyingine, ya baharini. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki 1252 Hijria (1836), alieleza katika Radd al-Muhtar desturi ya wafanyabiashara kumlipa mtu wa nchi ya kigeni fedha maalumu, iitwayo sukra, ili shehena ikiungua, ikizama au ikiporwa, yeye aifidie. Alihukumu kuwa si halali kwa mfanyabiashara wa Kiislamu kuichukua fidia hiyo, kwa kuwa ni kujilazimisha jambo ambalo sharia haimlazimishi mtu. Hapo hapakuwa na neno juu ya nyumba wala mvua.

Mjadala mkubwa ulifanyika Damascus mwaka 1961. Sheikh Mustafa al-Zarqa aliitetea bima kwa kuilinganisha, pamoja na mambo mengine, na kumwajiri mlinzi: kinachonunuliwa ni amani ya moyo. Sheikh Muhammad Abu Zahra alimpinga. Hoja ya al-Zarqa ina mvuto, lakini kwetu sisi qiyasi hii ni dhaifu. Mlinzi hukesha, mwizi aje asije. Kampuni haimjengei mwenye nyumba radm. Anacholipia ni ahadi tupu, ambayo hajui atalipwa chochote au la, nayo ndiyo gharar aliyoikataza Mtume (s.a.w.) katika biashara.

Mwaka 1979 Sudan ilianzisha kampuni ya bima ya Kiislamu, na Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984. Desemba 1985 Jopo la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah, lilitamka kuwa bima ya kibiashara ni haramu kwa gharar kubwa iliyomo, na badala yake ni bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya tabarru'. Mchango huwa ni sadaka kwa mfuko, mwendeshaji hulipwa ujira wake, na ziada ni ya wachangiaji. Asili yake ni mwenendo wa Ash'ari, waliokuwa wakipungukiwa chakula hukusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawa, Mtume (s.a.w.) aliwasifu. Kenya ilipata kampuni ya takaful mwaka 2011.

Lakini mafuriko si kama moto. Moto huunguza nyumba moja, maji huzoa mtaa mzima usiku mmoja. Mfuko wa watu wa bonde pekee utakauka siku ya kwanza; lazima wawemo na wa milimani. Kadhalika, mkataba wa moto si lazima ujumuishe mafuriko, basi usomwe kabla ya kutiwa saini.

Anayelazimishwa na sheria ana hukumu yake. Marekani, kwa mfano, tangu 1973 hulazimisha bima hii kwa mikopo mingi ya nyumba za maeneo ya mafuriko. Ndugu huyo atafute takaful kwanza. Akikosa, akate kiasi anacholazimishwa.

Asiyelazimishwa, na takaful haipo kwake, tunamwelekeza kwenye mfuko wa tabarru' wa misikiti kadhaa, ya bondeni na ya juu, na kwenye mfereji ulioziba nyuma ya nyumba yake.